Kufifia, kuandika barua au kwenda mahakamani? Njia za waliotoka katika kundi la dini linalowabana watu

Dada yangu mkubwa na mimi tulitoka katika kundi moja dogo la dini nisilotaka kulitaja jina. Halihusiani na lile nitakalolieleza hapa chini. Tulitoka mwaka mmoja, kwa sababu zilezile, kisha tukanuniana miaka miwili kwa ajili ya namna tulivyotoka. Yeye alipunguza kwenda, Jumamosi moja leo, mbili mwezi ujao, mpaka wakazoea kuona nafasi yake tupu. Mimi niliandika barua ya kurasa nne nikaisoma mbele ya watu wote. Aliniona mkorofi. Nilimwona mwoga. Mama alipofariki akiwa bado muumini, dada aliingia ndani akamwosha pamoja na wanawake wenzake, nami nikasimama nje ya uzio na majirani. Siku hiyo nilielewa alikuwa akilinda nini. Yeye alinielewa baadaye, binti wa miaka kumi na tisa alipobisha hodi kwake usiku, nakala ya barua yangu ameikunja ndani ya kiatu.

Tangu hapo watu kadhaa wameniuliza: nikitoka, nifanye kama wewe au kama dada yako? Nimejifunza kutojibu kabla ya kuuliza maswali mengi. Hapa naziweka njia hizo kando kwa kando, na mfano wangu ni Mashahidi wa Yehova. Habari za waliotoka kwao zimeandikwa kwa wingi, zimefika mahakamani na kwenye tume za serikali, na msomaji wa Kiswahili anawafahamu: wamemgongea mlango asubuhi, amewaona stendi ya mabasi na kigari chao cha magazeti. Wengi wao ni majirani wema. Ninachokipima ni utaratibu wa kutenga watu, na namna mbalimbali ambazo waliopitia utaratibu huo wameupinga.

Duniani wako karibu milioni 9, na uongozi wao, Baraza Linaloongoza, unakaa Warwick, New York. Aliyebatizwa akionekana ametenda dhambi nzito na hajatubu, huitwa mbele ya halmashauri ya wazee, yaani viongozi wa kutaniko, na anaweza kutengwa na ushirika. Siku hizi wanasema "kuondolewa kutanikoni". Neno limebadilika tangu 2024. Rafiki hamsalimii tena barabarani, hali naye chakula, na hata ndugu wa damu wasioishi naye nyumba moja hupunguza mawasiliano yakabaki yale ya lazima. Wao wanataja 1 Wakorintho 5 na 2 Yohana, na wanasema ni upendo: unalinda kutaniko na kumvuta mkosaji arudi. Wapo wanaorudi kweli, tena kwa furaha. Wapo pia wanaorudi kwa sababu tu wamemkosa mama yao. Aliyepoteza imani naye akiandika barua ya kuondoka, hutendewa sawa na aliyefukuzwa. Hilo liliandikwa wazi katika gazeti lao, Mnara wa Mlinzi, la Septemba 15, 1981, na ndilo linaloufanya uchaguzi wa njia kuwa mgumu, maana huwezi kusema "naacha" ukaondoka kama mtu anavyoacha kwaya.

Kufifia na barua

Njia mbili hizi ndizo zinazogombanisha watu kuliko nyingine zote, kwa hiyo nitakaa hapa.

Anayefifia hupunguza mikutano, huhamia mji mwingine ikiwezekana, hujibu simu za wazee kwa adabu na kusema kazi imembana. Akikaa miezi sita bila kuhubiri, huhesabiwa kuwa mhubiri asiyetenda, lakini bado ni ndugu. Zamani alilazimika pia kukwepa ripoti ya saa za utumishi kila mwezi; tangu Novemba 2023 wahubiri wa kawaida hawaandiki saa tena, wanatia alama tu kwamba wameshiriki. Badiliko hilo dogo limewapunguzia wengi mzigo wa kudanganya.

Faida yake unaijua: mama anapiga simu. Unaalikwa harusini. Ukiumwa, wanakuja na uji. Kama unaishi kwenye kiwanja cha familia, au duka unalouza ni la mjomba ambaye ni mzee wa kutaniko, huamki asubuhi ukakuta huna pa kulala wala pa kufanyia kazi.

Gharama yake huonekana polepole. Unaishi kwa tahadhari. Mtoto wako akifanyiwa sherehe ya kuzaliwa, ambayo wao hawaikubali, unawaomba wageni wasitume picha kwenye WhatsApp. Ukiulizwa unaamini nini, unageuza maneno. Kuna watu waliofifia miaka kumi, na bado wakisikia hodi jioni moyo unawadunda. Na kufifia si ngao kamili: wazee wakipata sababu ya kukuita, wanaweza kukuita hata baada ya miaka mingi. Wengi wanaofifia hubeba pia aibu ya kuonekana hawana msimamo, na aibu hiyo mara nyingi wanaipata kwa wenzao waliotoka, wala si kwa kundi.

Anayeandika barua hukata kamba mara moja. Anaeleza sababu zake au hazielezi, anatia sahihi, basi. Katika mkutano wa katikati ya juma husomwa tangazo fupi kwamba fulani si Shahidi wa Yehova tena. Sentensi ni hiyohiyo kwa mlevi, kwa mzinzi, na kwa aliyeacha kwa sababu dhamiri yake ilimkataza kubaki. Kutaniko haliambiwi tofauti, na uvumi unajaza pengo. Walioandika barua wengi husema kilichowauma zaidi si kutengwa kwenyewe. Ni kwamba barua waliyoilia machozi haikusomwa na mtu yeyote zaidi ya wazee watatu.

Lakini nawaheshimu mno. Mtu aliyeandika barua analala usingizi. Hadanganyi mtu. Watoto wake wanakua wakijua baba anaamini nini. Na kila barua inabaki kuwa ushahidi: siku mtunga sheria akiuliza kama watu wanatoka kwa hiari na kinachowapata baadaye, kuna karatasi zenye tarehe.

Nikilazimika kupima, nasema hivi. Kama kuna mtu ndani ambaye maisha yake yanakutegemea wewe (mzazi mgonjwa, mdogo wako wa sekondari, mke ambaye hajaamua), fifia kwanza, hata kwa mwaka mmoja au miwili, ukijenga pa kusimama: akiba, chumba, marafiki wapya, vyeti vyako vikiwa mikononi mwako. Kama huna wa namna hiyo, au kimya kimeanza kukuharibu afya, andika barua, na uiandike fupi. Ndefu nilishaandika mimi. Usiiandike wiki ya msiba wala wiki uliyogombana na mtu.

Kuna jambo jipya la kuzingatia. Machi 2024 Baraza Linaloongoza liliruhusu muumini kumsalimia kwa ufupi aliyeondolewa anapokuja mkutanoni, au kumkaribisha mikutanoni. Ruhusa hiyo haiwagusi wanaohesabiwa kuwa waasi-imani. Maana yake, pengo kati ya anayeondoka kimya na anayepinga kwa sauti limepanuka, na anayechagua sauti sasa anajua analipa zaidi.

Wale waliokaa

Kundi la tatu husahaulika kwa sababu halionekani. Hawa hawajatoka. Wanakaa kwenye Jumba la Ufalme, mahali pao pa ibada, kila juma, wanaimba, wanainua mkono kujibu, na hawaamini tena. Mwili upo, moyo ulishaondoka. Wengi ni wake na waume ambao ndoa yao ingevunjika, au wazee wa kutaniko ambao kila rafiki waliye naye duniani ameketi katika chumba kilekile.

Je, huyu anapinga? Naamini ndiyo, pale anapofanya jambo ambalo wa nje hawezi. Mzee asiyeamini tena anaweza kumwambia mzazi faraghani: nenda polisi leo, usitusubiri sisi. Mama aliyebaki anaweza kumsomesha binti yake chuo kikuu wakati wengine wanashauriwa wakimbilie upainia, yaani kazi ya kuhubiri muda wote. Baadhi ya nyaraka za ndani zilizowafikia waandishi wa habari zilitoka kwa watu wa aina hii. Akibaki bila kufanya lolote kwa kuwa amechoka, hilo nalo si letu kulihukumu; hatujui nyumbani kwake kukoje.

Aliye nje asimlazimishe kutoka kwa kumtishia kumtaja. Nimeona ujumbe wa namna hiyo, na ni ukatili uleule tulioukimbia.

Sauti ya chini, sauti ya juu

Raymond Franz alikuwa katika Baraza Linaloongoza kuanzia 1971 hadi 1980. Mjomba wake, Frederick Franz, alikuwa rais wa shirika. Raymond alikuwa ametumika miaka kama 40, ukiwemo umishonari Puerto Rico na Jamhuri ya Dominika. Mwaka 1980 alijiuzulu kutokana na tofauti za mafundisho, akaenda Alabama kufanya kazi za mikono kwa rafiki aliyempa pia mahali pa kuishi. Rafiki huyo akaandika barua ya kujitenga. Kisha likatoka lile toleo la Mnara wa Mlinzi la Septemba 1981, na Franz akatengwa mwaka huohuo. Kosa alilotajiwa lilikuwa kula chakula na rafiki huyo, mwajiri wake.

Alijibu kwa kitabu mwaka 1983. Hakutukana mtu. Aliweka barua, kumbukumbu za vikao na kura za baraza mezani, akaacha msomaji aamue. Msomaji wa Afrika hawezi kusahau sehemu inayohusu Malawi. Huko Mashahidi walipigwa marufuku 1967, na kuanzia 1972 walipigwa, wanawake wakabakwa, maelfu wakakimbilia Zambia, kwa kuwa walikataa kununua kadi ya chama tawala. Franz akaeleza kwamba miaka hiyohiyo, Mexico, uongozi ulikuwa umewaachia vijana watoe hongo ili wapate cheti cha kudai wameshapata mafunzo ya jeshi, na dhamiri haikusemwa kuvunjika. Nimesoma maneno makali mengi dhidi ya makundi ya dini, lakini hakuna lililonigusa kama ulinganisho huo uliowekwa bila kupaza sauti. Aliyekuwa na ndugu kule Nkhata Bay au Mlanje angeulizaje swali zaidi ya hapo?

Franz hakuanzisha kundi, wala hakusimama na bango. Alifariki 2010 akiwa Mkristo anayesoma Biblia na marafiki wachache.

Mweke pembeni yake William Bowen. Alikuwa mzee wa kutaniko Kentucky, akakuta katika faili habari ya mtoto aliyedhulumiwa kingono, na akaona utaratibu wa kudai mashahidi wawili, unaotokana na Kumbukumbu la Torati 19:15, unafunga njia. Akaacha cheo, na mwaka 2001 akaanzisha chama cha kuwasaidia waliodhulumiwa. Barbara Anderson, aliyekuwa amefanya utafiti makao makuu ya zamani, Brooklyn, akajitokeza naye katika televisheni mwaka 2002. Wote wawili walitengwa mwaka huo. Watu wao wakaandamana hadi makao makuu wakiwa wamebeba wanasesere wa kondoo, mmoja mmoja, kwa ajili ya watoto.

Kuna waliotoka ambao wakati ule walisema Bowen anaharibu. Kwamba kelele zinawafanya waliomo ndani wajifunge zaidi, kwa kuwa wamefundishwa kutarajia waasi-imani wenye hasira. Upande mmoja ni kweli. Shahidi wa kawaida akiona bango nje ya kusanyiko anatazama chini na kupita, na imani yake inapata nguvu siku hiyo. Kitabu cha Franz kinamfikia usiku, kwa siri, kwa sababu kinaongea lugha yake. Lakini Bowen hakuwa anaongea na Shahidi aliyekaa kitini. Alikuwa anaongea na polisi, na mhariri, na mzazi ambaye hajui pa kupeleka shauri lake. Kipimo cha sauti ni nani unataka akusikie. Ukitaka shangazi yako afikiri, kaa naye jikoni, menya viazi, uliza swali moja, kisha zungumzia mvua. Ukitaka sheria ibadilike, shangazi hawezi kukusaidia, inabidi upande jukwaani.

Tatizo huja mtu anapotumia sauti ya jukwaani jikoni, kisha akashangaa kwa nini hakaribishwi tena.

Mahakama na tume

Hapa matokeo yanaonekana kuliko kwingine, na mapungufu pia.

Mwaka 2015 Tume ya Kifalme ya Australia iliyochunguza dhuluma za kingono kwa watoto ilifungua majalada ya shirika hilo nchini humo. Tangu 1950 kulikuwa na watuhumiwa 1,006, na shirika halikuwa limemripoti hata mmoja kwa polisi. Wazee walihojiwa, mjumbe wa Baraza Linaloongoza, Geoffrey Jackson, alihojiwa kwa njia ya video mwezi Agosti. Mashahidi wa Yehova wanasema wazee hawamzuii mtu kwenda polisi. Kilichoyapa majalada yale uzito ni ujasiri wa wanawake wawili waliotoa ushahidi kwa herufi tu, BCB na BCG. Majina yao hayakutangazwa. Nawataja kwa sababu tunaelekea kudhani mpinzani wa kweli ni yule mwenye uso kwenye kamera. Hawa walikuwa herufi tatutatu, na walifanya kazi ambayo mabango ya miaka kumi na minne hayakuifanya.

Kwingine, mwanamke mmoja wa California aliyedhulumiwa utotoni alishtaki kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 2012 baraza la mahakama la wananchi lilimpa dola milioni 28. Jaji akazipunguza fedha hizo, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikafuta sehemu kubwa ya zilizobaki. Alichopata ni kidogo kuliko vichwa vya habari vilivyosema, na kesi ilimla miaka. Lakini wanasheria wengine walijifunza njia.

Sasa tazama mahakama inapoulizwa kuhusu urafiki na salamu. Wakala mmoja wa nyumba wa Calgary alitengwa, na kwa kuwa karibu nusu ya wateja wake walikuwa Mashahidi, biashara ikaanguka. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Kanada, majaji wote tisa, ilisema si kazi yake kuamua nani awe mwanachama wa kutaniko. Ubelgiji, aliyekuwa mzee alipeleka malalamiko kuhusu kutengwa. Mahakama ya Ghent ikawatoza Mashahidi faini mwaka 2021, na mwaka uliofuata rufaa ikawafutia. Norway serikali iliwanyima ruzuku na kuwafutia usajili mwaka 2022, kwa hoja kwamba kutenga kunawanyima watu haki ya kutoka kwa uhuru na kunawaumiza watoto. Waliotoka walipanda kizimbani Oslo mwanzoni mwa 2024 wakaeleza wamekosa ndugu miaka mingapi. Mahakama ya wilaya ikaiunga mkono serikali. Machi 2025 mahakama ya rufaa ikapindua.

Kwa hiyo anayetaka kwenda mahakamani ajue. Kama shauri linahusu mtoto aliyeumizwa, au fedha, au jinai yoyote, sheria ina meno. Kama unataka hakimu amwamuru mama yako akupende, hakuna nchi niijuayo iliyofika huko, na nina shaka kama tungetaka ifike. Lakini sikubali kwamba wale wa Calgary na Ghent walipoteza bure. Wapo waliotoka wanaoamini kwamba salamu ile fupi iliyoruhusiwa Machi 2024, mwezi uleule hukumu ya Oslo ilipotoka, ina mkono wa kesi hizi. Wengine wanasema ni uongozi tu umetafakari. Mimi sioni aibu kumshukuru aliyeshindwa rufaa.

Aliyeingia kanisa jingine na asiyeingia popote

Ugomvi huu ni mkubwa kwetu Afrika Mashariki kuliko Ulaya, kwa kuwa huku mtu asiye na dini anashangaza jirani kuliko aliyebadili dini mara tatu.

Mmoja akitoka anaingia kwa Walutheri au Wapentekoste, na upinzani wake unakuwa wa Maandiko: Utatu, hesabu ya watu 144,000 watakaokwenda mbinguni, mwaka 1914 wanaosema Kristo alianza kutawala mbinguni, matarajio ya mwisho kuja 1975 yaliyowafanya watu wengine wauze nyumba. Mwingine akitoka hataki kusikia habari za Mungu, na upinzani wake ni wa haki za binadamu: uhuru wa kuondoka, katazo la kuongezewa damu hospitalini, elimu ya watoto. Wa kwanza anamwambia wa pili: umemtupa mtoto pamoja na maji ya kuogea. Wa pili anamjibu: umetoka jela hii ukaingia ile.

Nimekuwa upande wa pili, na nilikosea kumsema vile dada yangu. Yeye anasali hadi leo. Kwa muumini anayeyumba, mtu anayesali ni daraja. Mimi kwake ni mto usio na daraja. Kwa kijana aliyechoshwa na kila mimbari, mambo yanageuka. Swali la kuliuliza kanisa jipya ni hili tu: nikiondoka hapa, mtanisalimia? Likijibiwa vizuri, mwache mwenzako asali kwa amani. Na asiyesali naye asiambiwe kwamba bado hajapona.

Yasiyostahili heshima

Kuheshimu njia tofauti si kuheshimu kila njia. Machi 9, 2023, mjini Hamburg, mtu aliyewahi kuwa Shahidi aliingia Jumba la Ufalme na bastola, akaua watu sita na mtoto aliyekuwa tumboni, kisha akajiua. Waliotoka sehemu nyingi walitoa rambirambi siku ileile, na walifanya vema kutoongeza "lakini". Kutishia, kuvizia, kuvamia ibada, kumteka mtu mzima ili "umfungue akili", hayo yako nje ya ulinganisho huu.

Marufuku ya serikali nayo inanipa tabu. Mahakama ya Juu ya Urusi iliwapiga marufuku Mashahidi Aprili 2017 kama watu wenye itikadi kali, na tangu hapo waumini wamefungwa miaka kwa kusoma Biblia sebuleni. Wapo waliotoka walioshangilia. Naelewa hasira, lakini kundi hili liliwahi kuvishwa pembetatu ya zambarau katika kambi za Hitler, na Malawi nimeshaitaja. Wanaofungwa ni akina mama na babu zetu walewale tunaosema tunataka warudi mezani.

Ila kuna hali ambayo subira ni kosa. Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilipofukuliwa kuanzia Aprili 2023, ilitoa miili zaidi ya 400 ya watu walioshawishiwa kufunga hadi kufa, watoto wakiwemo. Mhubiri wao alikuwa ameshakamatwa mwezi mmoja kabla kwa vifo vya watoto wawili, akaachiwa. Silinganishi imani ya Mashahidi na ile ya msitu ule. Nasema kwamba mazungumzo yote haya ya sauti ya chini na ya juu yanahusu watu walio hai na wenye muda. Mtoto akinyimwa chakula au akidhulumiwa, au mtu akifungiwa, hakuna kufifia, hakuna kuheshimu kasi ya mtu: nenda polisi, wakikupuuza nenda kwa ofisa ustawi wa jamii, wakikupuuza nao nenda kwa mwandishi wa habari, siku hiyohiyo.

Mkiwa wawili, mmetoka njia mbili

Dada yangu na mimi sasa tuna mapatano, na nayaandika kwa kuwa yametusaidia. Simtaji jina ninapozungumza hadharani, wala sisimulii kisa ambacho kitamfanya ajulikane kwa waliobaki. Yeye akiulizwa habari zangu na wazee hasemi "amepotea", anasema "mwulizeni mwenyewe". Sipigi picha mahali anapoweza kuonekana ameketi nami. Mtu akija kwangu akitaka kutoka, kabla sijamwambia lolote namwuliza kama angependa pia kuongea na mtu aliyetoka kimya, na akikubali nampa namba ya dada. Yeye hufanya hivyo kwangu. Mwaka huu amenitumia watu wawili. Mmoja ameandika barua, mwingine ameamua kusubiri mpaka mdogo wake amalize kidato cha nne.